Bati la Mama Yule Halikuwa Feki

Kwa msimu mzima wa mvua niliwaambia watu kwamba bati la duka moja la Mwanjelwa ni feki. Niliyasema hayo karakanani kwangu Mbeya, nikayasema kwenye simu, nikayasema mbele ya kamati ya ujenzi ya shule moja ya msingi nje kidogo ya mji wa Iringa, na kutoka pale maneno yakaota miguu. Bati lile halikuwa feki. Lilikuwa imara kuliko nililolizoea, na uimara wake ndio ulioniumbua. Wapo mafundi wenzangu wanaoniambia jambo lenyewe dogo, limeshapita, kulifukua ni kujiharibia soko. Kwangu lilikuwa dogo kweli. Aliyekosa wateja ni mwenye duka.

Kazi ilikuwa ya gata. Shule ilikuwa imemaliza madarasa mawili na ofisi ya walimu kwa michango ya wazazi, na tenki la plastiki lilishakaa juu ya kitako chake cha zege. Mvua za Iringa si za Rungwe. Kule Tukuyu hunyesha zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka na mtu anaweza kuzembea akapata maji bado. Iringa msimu ni mmoja, unaanza Novemba au Desemba, unakwisha Aprili, na ukiisha umeisha. Hesabu ya kuvuna maji haina siri: milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ya paa ni lita 1. Paa la mita za mraba 150 likinyeshewa milimita 20 linatoa lita 3,000 jioni moja, mradi gata zisivuje. Mwenyekiti wa kamati alikuwa na ndugu Uyole aliyewahi kuona kazi yangu, ndiyo maana wakavuka mafundi wote wa Iringa wakanifuata mimi. Niliwaahidi kwamba hazitavuja.

Gata niliyoichora ilikuwa ya pembe mraba. Chini bapa, kuta mbili za milimita 125 zimesimama wima, na ukingo wa juu umekunjwa kidogo usikate mikono. Kila kipande kina urefu wa mita 2.4, kimoja kinalala ndani ya mwenzake, katikati silikoni, pembeni riveti. Vishikio vya flati ba vilichomelewa hukohuko Iringa kwa vipimo nilivyowatumia, vikafungwa kwenye ubao wa paa kabla gata hazijafika. Mpango huo unamtaka mkunjaji awe sahihi, kwa sababu vipande vinakutana mara ya kwanza vikiwa juu ya ngazi, zaidi ya kilomita 300 kutoka ilipo mashine.

Nusu ya kwanza niliikunja kwa bati nililokuwa nalo. Lilipokwisha nikaenda kwa mama yule mwenye duka la Mwanjelwa, niliyekuwa nikinunua kwake miaka mingi, mara nyingine kwa mali kauli. Akaniambia mzigo wa zamani umekwisha, huu ni mpya, unene uleule wa nusu milimita. Nikafanya kile ambacho mafundi wote hufanya dukani: nikashika kona ya bati, nikalitikisa, nikalisukuma kwa dole gumba hadi likapinda, nikaliachia likarudi. Nikaona ni lilelile. Nikapakia kwenye kirikuu nikaondoka.

Mashine yangu ya kukunjia ni ya mkono. Taya mbili zinalibana bati, ubao wa chuma wa mbele unainuliwa na kulikunja, na pembeni kuna stopa inayoamua ubao uishie wapi. Taya la juu limelika kwa miaka. Pua yake imekuwa butu, kwa hiyo haliachi kunjo kali, linaacha mviringo wa nusu kipenyo cha kama milimita 3. Kila fundi bati anajua kwamba bati likiachiwa hurudi nyuma kidogo. Ukitaka nyuzi 90 unapitiliza, ili likirudi lisimame pale unapolitaka. Kwa bati langu la siku zote stopa ilikaa kwenye nyuzi 92 na nusu, na ilikaa hapo muda mrefu hadi nati yake ikashika kutu.

Aliyenifundisha kazi hii alikuwa mstaafu wa karakana ya TAZARA hapa Mbeya, mmoja wa vijana walioshika vifaa pamoja na Wachina reli ilipokuwa ikijengwa kati ya 1970 na 1975. Mzee huyo hakuwa na maneno mengi, ila kila bati jipya lilipoingia alitaka likatwe kipande cha upana wa vidole vinne, kikunjwe, kiachiwe, ndipo kipimwe. Ukipima kingali ndani ya taya anakupiga kikumbo. Bati lililobanwa halisemi kweli, alikuwa akisema. Nilifuata sharti hilo miaka ya mwanzo. Niliacha, na wala si kwa haraka au uvivu. Niliacha kwa sababu jibu lilikuwa moja kila mara. Mtu akiuliza swali lilelile akapata jibu lilelile kwa muda mrefu, hufika mahali akaona kuuliza ni kupoteza bati.

Basi nikakunja mzigo mpya kwa stopa ya zamani. Nikapima upana wa chini kwa futi, ukawa sawasawa. Pembe sikuipima. Kijana ninayemfundisha ndiye aliyeona, alipokuwa akivipanga vipande ukutani. "Fundi, hivi mbona vinachanua?" Nikamjibu kwamba vitabanwa na vishikio.

Vilipakiwa kwenye Fuso, vikapita Makambako na Mafinga, vikapanda mlima kutoka Ipogolo. Vipande vya mzigo wa kwanza vilikaa kwenye vishikio vizuri mno, hata watoto wa shule wakapiga makofi. Vya mzigo wa pili vikagoma. Kila ukuta ulilala nje kwa nyuzi mbili hivi. Kwa kimo cha milimita 125, nyuzi mbili ni milimita 4 na nusu pale juu. Kuta mbili, mdomo wa gata umepanuka karibu milimita 9. Kingine kiliingia kwenye kishikio kwa kugongwa, kingine hakikuingia kabisa. Pale kipande cha zamani kilipokutana na kipya, chini vilibusiana, juu kukawa na mwanya unaopitisha kidole cha mtoto. Nikabana kwa mikono, nikapiga riveti nyingi kuliko zilizohitajika, nikajaza silikoni. Bati likabinuka kwa chini, likafanya vidimbwi. Bati lililolazimishwa kwa riveti halijakunjwa upya. Limefungwa kamba tu, na linavuta mchana na usiku. Mvua kubwa ya kwanza ikazifumua zile silikoni, maji yakapita nyuma ya gata, yakateremka kwenye ukuta uliopakwa rangi juzijuzi. Tenki likabaki na maji ya kwenye kitako.

Mwenyekiti alinipigia simu kwa upole. Akaniuliza kimetokea nini. Nikasema: "Bati, Mwenyekiti. Tumeuziwa bati feki." Alipoitisha kikao nilikwenda, nikasema tena.

Sikuwa na hakika wakati ule, lakini wala sikujihangaisha kuitafuta. Na hakuna aliyeniuliza ushahidi. Nani Tanzania hajasikia habari za bati la chini ya kiwango? Mtu anaambiwa ananunua geji 28, akifika nyumbani anakuta geji 30, ambayo ni nyembamba zaidi, maana kwa bati namba ikipanda unene unashuka. Shirika la Viwango, TBS, lipo tangu 1976, na habari za mabati yaliyokamatwa si ngeni masikioni mwetu. Uongo wangu ulikuta njia imeshafyekwa. Wanakamati walitikisa vichwa, mmoja akasimulia paa la shemeji yake, na mwisho wa kikao mimi ndiye niliyekuwa nikipewa pole.

Niliporudi Mbeya nilichukua vipande viwili vilivyobaki, kimoja cha kila mzigo. Nia yangu ilikuwa kupata ushahidi wa kumshitaki mama. Nikavipima kwa maikromita: nusu milimita kwa nusu milimita. Nikavikunja kwenye stopa ileile, nikaviachia, nikaweka skweya. Cha kwanza kilisimama nyuzi 90. Cha pili kikafunguka. Nikakigeuza nyuma, na pale pembezoni palikuwa na maandishi madogo ya wino ambayo viwanda vingi hupiga: G550. Nikatafuta kwenye kile cha zamani: G300. Maandishi hayo yalikuwepo siku zote. Mimi niliyazoea kama mapambo.

Namba hizo zinataja nguvu kwa megapaskali, yaani mpaka wa chuma. Kikivutwa chini ya mpaka huo, kinarudi kilipokuwa. Kikivuka, kinabaki na umbo jipya. Kurudi huko kuna sheria aliyoitangaza Mwingereza Robert Hooke mwaka 1678, kwamba mnyooko unakwenda sambamba na nguvu inayovuta. Ukikunja bati, ngozi ya nje ya kunjo inavutwa na ngozi ya ndani inabanwa, zote mbili zinavuka mpaka. Lakini katikati ya unene kuna tabaka ambalo halikuguswa kiasi cha kuvuka, na hata zile ngozi zilizovuka hubaki na deni dogo la kurudi. Ukiondoa mkono, vyote hivyo vinavuta kuelekea kulikotoka, kama mlanzi mchanga uliouinamisha ukauachia. Bati la 550 lina mpaka ulio mbali zaidi, kwa hiyo linabeba akiba kubwa zaidi ya kurudi. Gawanya 550 kwa 300, unapata 1.8 na kitu. Kwa pua butu kama ya mashine yangu na bati la nusu milimita, lile laini hurudi karibu nyuzi 2 na nusu, hili gumu nyuzi 4 na nusu. Stopa ilitakiwa kusogezwa nyuzi mbili. Kazi ya spana moja na kipande cha vidole vinne.

Lililoniuma zaidi ni la dole gumba. Ukakamavu wa chuma, ile nguvu ya kukataa kupinda kabla ya mpaka, ni uleule kwa chuma laini na kigumu, karibu gigapaskali 200. Bati mbili za unene mmoja ukizitikisa dukani zinajibu sawasawa. Tofauti haionekani mpaka uzikunje zibaki zimekunjika. Kwa hiyo ile mbwembwe yetu ya kushika kona na kusukuma, tunayoifanya mbele ya wauzaji kwa uso wa mtu anayejua, haipimi kitu kinachomhusu mkunjaji. Futi haioni. Maikromita haioni. Nimewaona wenzangu wakibishana kwamba ni baridi ya Mbeya ya mwezi wa saba iliyolikaza bati. Baridi yetu inaumiza vidole, lakini kwa chuma tofauti ya namna ile si kitu. Ugumu wa 550 unatoka kiwandani. Chuma kikipitishwa kwenye rola kikiwa baridi kinakuwa kigumu. Kikipashwa moto ipasavyo baadaye kinalainika, na hilo la 550 hupashwa kidogo tu ili libaki na ugumu wake. Linatengenezwa hivyo kwa makusudi, liwe jembamba na bado libebe mtu anayetembea juu ya paa.

Usiku ule, basi, nilijua. Kama ningempigia mwenyekiti simu asubuhi yake, habari hii ingekuwa ya stopa na nati yenye kutu, na nisingekuwa na haja ya kuiandika. Sikupiga. Nilipiga hesabu ya bati jipya, nauli ya Fuso, siku za vijana juu ya ngazi, nikaona mvua imeshaanza, ngoja ikatike. Vipande viwili nikavisukuma chini ya benchi.

Mama alikuja mwenyewe karakanani. Mteja wake wa Mafinga alikuwa amekatisha oda, amemwambia habari zimetoka Iringa. Hakuja na kelele. Nilimwamkia, akaitikia, akaulizia watoto, akakaa kwenye stuli, akatoa kwenye mkoba hati ya mzigo. "Fundi, mimi bati sikutengeneza, nimenunua nikauza. Nionyeshe ubovu wake ulipo, nikamrudishie aliyeniuzia." Nikamwambia masalia yote nimeshawauzia watu wa vyuma chakavu. Yalikuwa hatua chache kutoka miguuni pake. Akanitazama, akafunga mkoba, akasema sawa baba, akaondoka. Nimekunja vitu vingi vibaya maishani na vingi nimevisahau. Hilo la stuli silisahau.

Kijana wangu ndiye aliyevitoa vile vipande, mvua zilipokuwa zinaelekea mwisho, alipokuwa akifagia. Alivipima, akaandika nyuzi kwa chaki juu ya kila kimoja, akaviweka kwenye benchi kama mtu aliyeokota kitu cha thamani. Akaniuliza, bila hila yoyote: "Kwa hiyo fundi, bati la Mama lilikuwa zuri?" Nikamwambia ndiyo. Akangoja niendelee. Sikuwa na cha kuendelea nacho.

Nilikwenda Mwanjelwa kesho yake na vipande mkononi. Nilimweleza mama yote, pamoja na chuma chakavu ambacho hakikuuzwa. Nilitegemea anitukane au anisamehe, nilikuwa nimejiandaa kwa vyote viwili. Alichosema ni hiki: "Mimi hapa nauza bati, fundi, siuzi msamaha. Kawaambie wale uliowaambia." Kisha akahudumia mtu mwingine.

Kwa hiyo nikaenda Iringa, nikaomba kikao. Tukasalimiana kamwene kwa mkono, wazee kwanza. Niliweka vipande viwili mezani na skweya kati yao, nikaeleza kama nilivyoeleza hapa, isipokuwa kwa megapaskali chache. Nikawaambia bati halina kosa na duka halina kosa, gata zinashuka zote za mzigo wa pili, zinatengenezwa upya kwa gharama yangu, na ukuta uliolowa nitaupaka rangi. Mwenyekiti alikaa kimya muda, halafu akaniuliza kwa nini niliwaacha wapeleke maneno yale hadi Mafinga. Nilisema niliogopa gharama. Hakuona kama ni jibu, na sikumbishia.

Gata mpya nilizikunja kwa bati la 300, baada ya kipande cha majaribio kwa kila shiti, si kwa kila mzigo. Pengine nimezidisha sasa, kijana ananicheka. Lakini shiti za mzigo mmoja nazo huweza kutofautiana kidogo, hasa zikitoka kwenye koili tofauti, na hata mwelekeo ambao bati lilivutwa kwenye rola unaweza kubadili kurudi kwake. Taya nalo nimelipeleka likachongwe. Nanunua bado kwa mama yule, kwa fedha taslimu. Mali kauli kwangu ilikwisha. Yule mteja wa Mafinga hajarudi kwake. Nilimpigia simu kumweleza, akasema amesikia, akaendelea kununua kwingine.

Siku ya kukabidhi gata, mzee mmoja wa kamati ambaye hakuwa amesema neno kikao chote kilichopita aliinua kile kipande kigumu, akakisukuma kwa dole gumba, akauliza: "Mwakani tunaezeka nyumba ya mwalimu. Tununue lipi?" Nikamwambia juu ya paa achukue gumu, 550, litamvumilia fundi anayelikanyaga na halitabonyea ovyo. Gata, kofia na kila kitu cha kukunjwa kwa pembe kali achukue la 300, maana gumu likikunjwa sana linaweza kupasuka kwenye kunjo. Wasome maandishi ya nyuma kabla ya kulipa. Akauliza yanapatikana wapi yote mawili. Nikataja duka, na mwandishi wa kikao akaomba namba ya simu aiingize kwenye muhtasari. Malipo yangu ya mwisho walisema yasubiri hadi mvua kubwa ya kwanza inyeshe. Nikakubali.